Mitungi Kumi na Mitano Ukutani: Risala ya Wafanyakazi wa Jumba la Mji la Lissevoorde

Mgeni rasmi, Bibi Hildegonde Verschaete, Mkaguzi Mkuu wa Majengo ya Kale;
Mheshimiwa Meya, Bwana Ludovik Braeckel;
Waheshimiwa madiwani; majirani zetu; na nyinyi mliokuja kwa ajili ya keki tu, tunawajua:

Sisi wafanyakazi wa jumba hili tunawasalimu. Anayesoma ni Firmin Dhaeze, mtunza saa na mpiga kengele, aliyechaguliwa na wenzake kwa sababu ana miwani mizuri na hana haya. Ni haki tuseme mapema kwamba Bwana Meya alituomba risala ya ukurasa mmoja, ihusu paa jipya. Paa limekamilika, halivuji, ahsanteni. Kurasa zilizobaki ni zetu.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Lissevoorde. Umepanda zile ngazi ishirini na saba za mbele, na tulikuwa dirishani tukikutazama. Ulipofika ya kumi na tatu ulijikwaa kidogo, ukatazama chini. Usione aibu, kila mtu hujikwaa hapo. Ngazi ile ni pana kuliko wenzake kwa vidole vitatu, na hakuna aliye hai anayejua sababu. Mwashi wetu mkuu, Bi. Godelieve Stuyvaert, ambaye sote humwita Lieve, anasema fundi aliiweka makusudi, ili mtu anayekuja barazani na hasira zake apunguze mwendo. Sisi wengine tunasema fundi alikosea kupima, basi. Tumebishana juu ya ngazi hiyo miaka kumi na moja, hasa siku za mvua, na hapa kwetu siku za mvua hazihesabiki.

Tumeanza na Lieve kwa sababu risala hii inamhusu. Tumeona ni uungwana ulijue hilo kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

HISTORIA FUPI (TUMEJITAHIDI)

Jumba hili lilianzishwa mwaka 1441, baada ya soko la vitambaa kuungua. Wafumaji wa mji walitaka jambo moja: liwe refu kuliko jumba la mji wa jirani, ambao leo hatuutaji kwa kuwa ni siku ya furaha. Wakamwita fundi Gillis Pauwelsone. Gillis akajenga kwa mawe meupe, safu tatu za madirisha yenye tao la ncha, nguzo nyembamba za kuegemeza zinazopanda hadi kwenye minara midogo ya ncha, na pembeni mabomba ya mawe yenye sura za majitu, yatemayo maji ya mvua juu ya watu wasiojua pa kusimama.

Ukutani nje akachonga vidaka tisini na vinne vya kuwekea sanamu. Sanamu zilizopo ni sitini na moja. Watu hudhani nyingine zilianguka. Hapana, hazikuwekwa kamwe, kwa sababu wenyeji hawakuafikiana ni nani mwingine anastahili kusimama pale. Mabishano hayo bado hayajafungwa, na kwa sasa vidaka vilivyobaki vinakaliwa na njiwa.

Humu ndani tafadhali inua macho. Chini ya kila boriti ya mwaloni kuna jiwe lililochongwa sura. Yule mama ananyonyoa bata bukini. Yule diwani amesinzia na kofia imemfika puani. Yule anayeshika shavu kwa maumivu ya jino tunaamini ni Gillis mwenyewe, maana nyundo imechomekwa mkandani. Tunampenda sana. Fundi aliyejenga jumba kubwa namna hii, halafu akajichonga na jino bovu, ni mtu ambaye ungetaka kunywa naye bia.

Kuna jambo jingine ambalo si la mawe. Hati ya haki za mji inasema kwamba uamuzi wowote wa baraza haufungi mtu mpaka usikike kwenye benchi la mwisho, pale mlangoni, wanapokaa wananchi wa kawaida. Ndiyo maana hadi leo, kabla ya kupiga kura, Meya huuliza kwa sauti, "Mmesikia, benchi la mwisho?" Na benchi la mwisho hujibu, "Tumesikia." Bila jibu hilo, kura haipigwi.

MAFANIKIO

Kwanza ni paa, tumeshalisema. Vigingi vya mwaloni mia mbili na kumi na viwili vimebadilishwa, kila kimoja kimechongwa kwa mkono, na seremala wetu ana bega bovu la kuthibitisha.

Pili, kozi, yule ndege mwindaji, amerudi kutaga mnarani. Hatukufanya lolote, ila tunajisifu.

Mafanikio ya tatu ni ya aibu, Mgeni rasmi, na tunaomba uvumilivu.

Waashi wa zamani walipojenga ukuta mrefu waliacha matundu, wakachomeka humo miti ya kiunzi ili wasimame juu yake. Kazi ikiisha, miti hutolewa na matundu huzibwa. Hii ni sheria ya kwanza ya karakana yetu, na mwanafunzi huifahamu kabla hajafahamu choo kiko wapi: fundi safi haachi tundu ukutani. Mwaka 1868 alikuja msanifu Désiré Colpaert kulitengeneza jumba. Akaona juu ya kuta hizi mbili, chini kidogo ya yale mawe ya sura, matundu kumi na matano. Akatikisa kichwa kwa uzembe wa watu wa kale, akaamuru yazibwe. Waashi wetu wakayaziba. Na kila chokaa ilipobanduka, baba zetu waliyaziba tena, na sisi tukayaziba tena. Tumeyaziba kwa zaidi ya miaka mia na hamsini, vizuri kabisa, bila kuacha ufa.

Tundu la mti wa kiunzi, Mgeni rasmi, ni la mraba. Lione lolote kule mnarani, ni la mraba. Haya kumi na matano yalikuwa ya duara, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini. Ndivyo tulivyo. Tukiona tundu mkono unawasha, tunakwenda kukoroga chokaa.

CHANGAMOTO, AU TUSEME MOJA TU

Changamoto ni kwamba ukumbini humu watu walikuwa hawasikilizani.

Wazee walituambia ilikuwa hivyo tangu zamani zao. Neno likitoka mezani hupanda darini, hurudi limekutana na mwenzake, na kufika mlangoni ni uvumi mtupu. Vililetwa vipaza sauti, tukapata mwangwi wa mwangwi. Madiwani walijifunza kusema polepole kama watu wanaovuka mto kwa kukanyaga mawe. Na benchi la mwisho, likiulizwa limesikia, lilijibu "Tumesikia," kwa kuwa ndivyo inavyojibiwa. Tumedanganyana kwa adabu muda mrefu sana.

Mwezi wa pili mwaka huu alikuja Bi. Clementine Roelandt, mama wa miaka themanini na mmoja, anayekaa ng'ambo ya mfereji. Baraza lilitaka kuondoa daraja la miguu lililo mbele ya nyumba yake. Alisimama na koti lake jema, akasema. Meya akasema, "Samahani mama, rudia." Akarudia. "Kidogo kwa sauti, mama." Akajaribu, sauti ikamkatika. Mara ya tatu akatazama karatasi yake, akaikunja.

"Basi," akasema. "Hata sikumbuki nilichotaka."

Akatoka. Meya, ambaye si mtu mbaya na anajua tunamsema, akauliza kama kawaida, "Mmesikia, benchi la mwisho?"

Lieve alikuwa kwenye benchi hilo. Alijibu pamoja na wengine, "Tumesikia." Neno lilikuwa limeshamtoka ndipo akajisikia vibaya. Alipanda baiskeli yake hadi nyumbani, akaweka supu mezani, akaitazama ikapoa. Alikuwa amefanya kazi katika jumba hili miaka thelathini na mitatu. Anajua kila jiwe lake, na ukumbi wenyewe haufanyi ile kazi moja uliyojengewa. Jambo hilo lilimkera, na zaidi ya kumkera lilimpa hamu ya kujua.

Tangu mwanzo wa majira ya baridi alikuwa na swali. Kila mwaka yeye hupita na nyundo ndogo akigonga mawe na kusikiliza, kwa kuwa jiwe lililooza hujibu vingine. Alipogonga kizibo cha tundu la saba, ukuta wa kaskazini, kilimjibu kwa sauti nene, yenye tumbo. Aliandika barua ofisini kwako kuomba ruhusa ya kukifungua. Akaandika ya pili, na ya tatu. Alijibiwa mara moja tu, kwa mstari mmoja: matundu ya kiunzi hayana umuhimu wa kihistoria.

Asubuhi iliyofuata, saa nne, mchana kweupe, Lieve aliingia ukumbini na ngazi, nyundo na tindo. Jozefien, msafishaji wetu, alikuwa akipiga deki.

"Unakwenda wapi na vumbi lako?" Jozefien akasema. "Nimemaliza kupiga deki sasa hivi."

"Nakwenda kuvunja sheria," Lieve akasema. "Nishikie ngazi."

"Sheria ipi?"

"Zote mbili. Ya serikali na ya karakana."

"Haya. Lakini utafagia mwenyewe."

Alipoondoa chokaa ya juu aliacha kugonga. Jozefien akamuuliza kulikoni. Lieve akasema, "Hii kazi ni yangu." Alikuwa ameitambua namna ya kusawazisha pembeni, kwa kidole gumba cha kushoto. Alilijaza tundu lile mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa, yeye na mwalimu wake Mzee Odiel, wakila mkate wa zabibu juu ya kiunzi, wakijiona mafundi hodari. Alikaa pale juu ya ngazi kwa muda, uso umemuiva kwa aibu. Kisha akapiga tindo.

Nyuma ya kizibo hakukuwa na shimo la mti wa kiunzi. Kulikuwa na mdomo wa mtungi, Mgeni rasmi. Mtungi wa udongo mwekundu, umelazwa ubavu ndani ya ukuta, tumbo limejengewa mawe pande zote, mdomo umeelekea ukumbini. Mtu aliuweka pale kabla ukuta haujafika juu yake, maana hauwezi kuingia vinginevyo. Lieve akaingiza mkono hadi kiwiko. Ndani ya shingo, vidole vyake vikakuta vishimo vitatu, alama za vidole vya mfinyanzi alipoushika ukiwa bado mbichi. Vilikuwa vidogo kuliko vyake.

Ndipo mtunza saa, yaani msomaji wenu, alipoingia na kukuta mwashi mkuu wa mji ameweka mdomo kwenye ukuta.

"Lieve, unaongea na ukuta?"

"Nauuliza kitu."

"Unajibu?"

"Firmin, nyamaza kidogo, halafu sema tena hivyo hivyo."

Nikasema tena, na sauti ilikuwa kama imefika safi zaidi. Tukatazamana. Hatukuwa na hakika ya lolote, na hatuna hata leo. Lakini siku hiyo hakuna aliyerudi kazini kwake. Alifungua la nne, la tano na la sita. Yote yana mitungi, na kila mtungi una ukubwa wake. Seremala aliacha vigingi vyake, mlinzi wa mlango akaacha mlango, tukawa tunaimba noti moja moja chini ya kila mdomo kama vichaa, na chini ya la sita ilipoimbwa noti nene ya kengele kubwa, Jozefien aliruka, akasema imemgusa mbavuni.

Siku ya Alhamisi baraza likakaa. Diwani wa kwanza alisimama, akafungua kinywa, akaanza kusema polepole kama ilivyo desturi, akasita. Meya akageuka. "Nani kawasha vipaza?" Hakuna aliyewasha. Akauliza benchi la mwisho kama limesikia, na benchi likatazamana kwanza kabla ya kujibu, kwa kuwa kwa mara ya kwanza lilikuwa na la kujibu. Bi. Clementine aliitwa tena wiki iliyofuata. Alisema alichotaka kwa dakika mbili, bila kurudia. Daraja lake linaangaliwa upya.

Kisha ikaja barua yako ya tarehe tatu Machi, Mgeni rasmi. Tunayo hapa, na tumeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Inasema Bi. Godelieve Stuyvaert amegusa jengo linalolindwa bila kibali, ambayo ni kweli. Inasema asikanyage kazini hadi atakapoondolewa rasmi. Inasema mitungi minne izibwe Jumatatu hii, na ile kumi na mmoja isiguswe. Lieve alirudisha funguo siku hiyo hiyo. Nyundo ndogo hakurudisha, kwa sababu ni yake, lakini aliiweka kwenye kabati la karakana na kwenda nyumbani mikono mitupu. Tangu hapo anakuja hapa kama raia. Anakaa, anatazama ukuta, anaondoka. Inatuuma kumwona hivyo.

MAOMBI

Hatuombi umsifu. Alikosa, na anajua. Tunaomba umrudishe.

Pia hatuombi utuamini juu ya mitungi. Wataalamu wa sauti walituandikia kwamba vyombo vinne vya udongo haviwezi kubadilisha ukumbi mkubwa namna hii, na kwamba labda tumebadilika sisi, tumeanza kusikilizana kwa kuwa tumeambiwa tunasikika. Labda. Tungependa sana kujua. Kwa nini ukuta mmoja una minane na mwingine saba? Kwa nini haifanani ukubwa? Gillis alijifunza wapi, na nani alimfinyangia? Watu wakiziba Jumatatu, maswali haya yatazibwa pamoja nayo, na anayeweza kuyauliza vizuri amekaa benchi la mwisho akiwa na koti la kijivu.

Kwa hiyo tunaomba jaribio. Kipaza sauti kilicho mbele ya msomaji ni pambo tu, waya wake uko mfukoni mwa Jozefien. Umetusikia kwa jinsi ulivyotusikia, wewe ndiwe unayejua. Sasa Lieve atasimama pale alipo, hatua arobaini kutoka kwako, na kusema sentensi moja au mbili kwa sauti anayotumia nyumbani. Hatukumwandikia. Hakutaka kutuambia atasema nini. Usipomsikia, tuambie, na Jumatatu chokaa tutaikoroga wenyewe, hatutanung'unika mbele yako. Ukimsikia, tunaomba umjibu yeye, si sisi.

Mgeni rasmi, Mungu akulinde njiani, mvua ikukose hadi ufike kwako, na wale Watakatifu Wanne Wenye Taji, walinzi wa waashi, waiongoze kalamu yako kama walivyoongoza nyundo zetu, isipokuwa zile siku tulizokuwa tukiziba. Keki ziko chumba cha pili. Sasa tunanyamaza.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Jumba la Mji, Lissevoorde:
waashi, maseremala, wasafishaji, walinzi wa milango, na mtunza saa mmoja.

*Yameongezwa kwa mkono kwenye nakala ya kumbukumbu, na F. Dhaeze:*

Bi. Godelieve Stuyvaert alisimama. Alikunja mikono, akaikunjua. Akasema, "Mheshimiwa, kufungua bila kibali ni kosa langu, nalikiri. Lakini nataka kujua yule mfinyanzi alijua nini."

Bibi Verschaete hakugeuka mara moja. Alitazama juu, ukuta wa kaskazini, akahesabu kwa kidole midomo minne iliyo wazi, kisha akaendelea kuhesabu viraka vilivyofungwa hadi mwisho. Meya alikohoa. Yeye akainua mkono kumnyamazisha.

"Hata mimi," akasema, bila kupaza sauti. Halafu akageuka, akamtafuta yule wa koti la kijivu mpaka akampata. "Jumatatu njoo na nyundo yako, Bi. Godelieve. Ngazi nitakushikia mimi."